Jemadari Aliyetii Mpaka Mwisho: Maisha ya Friedrich Paulus

Tangu tulipoanza kushika kalamu tumefunzwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii tumeiandikia insha chungu nzima, na kila insha huishia vilevile: kijana mkaidi anaonywa, anakataa kusikia, anaenda mtoni, mamba anafanya kazi yake. Sawa kabisa. Lakini je, yule aliyesikia la mkuu, akalisikia lote bila kuacha hata neno, halafu guu likavunjika pamoja na maguu ya watu wengine zaidi ya laki mbili, huyo tumwandikie insha gani?

Mwanafunzi mwenzangu, keti kitako nikusimulie maisha ya Friedrich Paulus, jemadari wa Kijerumani wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Wengi wetu tumelisikia jina lake katika somo la historia, pale mwalimu anapofikia vita vya Stalingrad. Huwa linatajwa mara moja tu, kisha linafutwa ubaoni. Mimi naona linastahili zaidi ya hapo, kwa sababu kisa chake kinatuhusu sote tunaoishi chini ya kengele, kiranja na mwalimu wa zamu.

Mtoto wa karani

Paulus alizaliwa tarehe 23 Septemba 1890 huko Breitenau, katika jimbo la Hesse, Ujerumani. Baba yake alikuwa karani wa hesabu katika taasisi ya serikali ya kurekebisha tabia za wahalifu. Ilikuwa jamaa ya kawaida tu, isiyo na mashamba makubwa wala jina la kikabaila. Baadhi ya watu humwita von Paulus, na hilo ni kosa. Wajerumani waliliweka neno von mbele ya majina ya makabaila, na yeye hakuwa mmoja wao.

Kijana Paulus alitamani sana kuwa afisa wa jeshi la majini. Akaomba, akakataliwa. Akajaribu kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Marburg, lakini hakudumu. Hatimaye, mwezi wa Februari 1910, alijiunga na jeshi la nchi kavu katika rejimenti ya 111 ya askari wa miguu, akiwa mwanagenzi wa uafisa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mtaratibu wa maneno, na nadhifu kupindukia. Viatu vyake viling'aa, sare yake haikuwa na mkunjo.

Mwaka wa 1912 alimwoa Elena Constance Rosetti-Solescu, binti wa ukoo mkubwa wa Rumania. Jamaa na marafiki walimwita Coca. Mungu aliwajalia binti mmoja na wana wawili mapacha. Mumkumbuke mama huyu, maana atarudi katika kisa hiki, na huenda akawa ndiye mwenye macho kuliko majemadari wote.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipolipuka mwaka wa 1914, Paulus alipigana Ufaransa na katika nchi za Balkani, akamaliza akiwa kapteni. Ujerumani ilishindwa mwaka wa 1918, na mataifa yaliyoshinda yakaiamuru ibaki na askari 100,000 pekee. Maelfu ya maafisa walirudishwa nyumbani. Paulus hakurudishwa. Alikuwa na kichwa kizuri, na jeshi dogo linahitaji vichwa vizuri. Katika miaka ya 1920 alikuwa mkuu wa kombania katika rejimenti ya 13 huko Stuttgart. Katika rejimenti hiyohiyo alikuwemo Erwin Rommel, yule aliyekuja kupata sifa kubwa katika jangwa la Afrika ya Kaskazini.

Wakubwa wake walimsifu kwa bidii na akili. Hata hivyo, inasimuliwa kwamba ripoti moja ya miaka hiyo ilimtia dosari: ilisema hakuwa mwepesi wa kukata shauri. Dosari ndogo, ungesema. Nani asiyesitasita?

Bingwa wa ramani

Paulus alipanda cheo kwa kazi ya mezani. Alikuwa mnadhimu, yaani yule afisa anayekaa na ramani, penseli na hesabu, akipanga askari wapite wapi, wale nini, risasi zifike lini. Vita vilipoanza Septemba 1939 alikuwa mnadhimu mkuu wa jeshi la Jenerali Walther von Reichenau lililovamia Poland. Baadaye jeshi hilo likaitwa Jeshi la Sita, na mwaka wa 1940 likapita Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa kama moto wa kiangazi. Reichenau alikuwa mtu wa makelele na mkono mzito. Paulus alikuwa mtu wa kalamu. Walielewana vyema, mmoja akiamua, mwingine akipanga.

Septemba 1940 akahamishiwa makao makuu ya jeshi karibu na Berlin, akawa naibu wa mkuu wa mipango yote. Kazi kubwa aliyopewa huko ilikuwa kusaidia kuandaa mpango wa kuivamia Urusi. Alizipiga hesabu zote: umbali, barabara, mafuta, majira ya mvua na theluji. Inasimuliwa kwamba mke wake alipoziona karatasi hizo nyumbani alishtuka. Coca alimwambia mumewe kwamba vita hivyo ni vya dhuluma, na kwamba Ujerumani inaweza kuangamia. Paulus alimjibu kwamba mambo hayo huamuliwa na viongozi wa siasa, na afisa hana la kusema.

Hapo, msomaji, ndipo penye mzizi wa fitina. Si kwamba Paulus hakuona hatari. Aliiona, kwani ni yeye aliyepiga hesabu. Ila aliamini kwamba kuona ni kazi yake na kuamua ni kazi ya mwingine.

Tarehe 22 Juni 1941 Ujerumani iliivamia Urusi. Mwaka huo huo babu zetu wa KAR walikuwa wakipambana na Waitaliano, washirika wa Ujerumani, huko Somalia na Ethiopia. Vita vilikuwa vimeenea dunia nzima.

Divisheni yenye bahati

Kabla hatujaenda Stalingrad, tueleze kidogo jeshi lenyewe lilivyokuwa. Tukitazama sinema tunadhani Wajerumani wote walipanda vifaru na magari. Wapi! Wengi wao walikwenda kwa miguu. Nguzo ya jeshi lao ilikuwa divisheni ya askari wa miguu, kikosi cha watu wapatao 17,000 mwanzoni mwa vita. Ukitaka kuipiga picha akilini, chukua shule 20 zenye wanafunzi 800 kila moja, bado utapungukiwa. Divisheni moja ilikuwa na rejimenti tatu za askari wa bunduki, rejimenti ya mizinga, wahandisi wa madaraja, matabibu, wapishi na watu wa simu. Mizinga na chakula vilivutwa na farasi, maelfu ya farasi kwa kila divisheni. Kutoka mpakani mpaka Volga watu hao walikanyaga vumbi kwa nyayo zao.

Tuchukue divisheni moja, ya 71, kwa sababu kisa chake na kisa cha Paulus vilikuja kukutana katika chumba kimoja. Iliundwa mwaka wa 1939 kwa watu wa upande wa Hildesheim na Hannover, kaskazini mwa Ujerumani. Mwaka wa 1940 ilishiriki kuuteka mji wa Verdun nchini Ufaransa. Mwaka wa 1941 ikapigana Ukraine, kisha ikarudishwa magharibi ipumzike na kujazwa upya, na mwaka wa 1942 ikatumwa tena mashariki. Alama yake ilikuwa jani la klova lenye ncha nne, ambalo kwa Wazungu ni ishara ya nyota njema. Askari wake waliiita divisheni yenye bahati. Naam, bahati! Tutaona.

Na tusifiche jingine. Nyuma ya Jeshi la Sita kulikuwa na damu isiyokuwa ya vita. Mwezi wa Agosti 1941, katika mji wa Bila Tserkva nchini Ukraine, palikuwa na watoto wapatao 90 wa Kiyahudi ambao wazazi wao walikuwa wameshauawa. Mnadhimu wa Divisheni ya 295, Luteni Kanali Helmuth Groscurth, aliwakuta wamefungiwa katika nyumba bila chakula wala maji. Alijaribu kuzuia wasiuawe, akaandika malalamiko mpaka makao makuu ya jeshi. Reichenau akaamuru kazi iendelee, na watoto wale wakapigwa risasi. Mwezi uliofuata, tarehe 29 na 30 Septemba, Wayahudi 33,771 waliuawa katika bonde la Babi Yar mjini Kiev, katika eneo lililoshikwa na jeshi hilohilo.

Paulus hakuwa mkuu wa jeshi hilo siku hizo. Lakini kisa cha Groscurth tukiweke kando, tutakihitaji. Hakuokoa watoto wale, ila alionyesha kwamba afisa wa Kijerumani aliweza kufungua kinywa akasema hapana, na dunia haikuanguka.

Mwanzo mzuri

Januari 1942 Paulus alikabidhiwa Jeshi la Sita lote. Reichenau, ambaye ndiye aliyempendekeza, alikufa mwezi huo huo kwa kiharusi. Ajabu ni kwamba Paulus hakuwa amewahi kuongoza hata divisheni moja vitani. Ni kama kumtoa mwalimu ofisini, mtu hodari wa kupanga ratiba, ukampa meli nzima avuke bahari yenye tufani. Wasimulizi wa maisha yake husema kwamba aliifuta amri kali ya mtangulizi wake iliyowahimiza askari wawe wakatili kwa raia. Hata hivyo uonevu haukukoma chini yake. Raia waliendelea kunyongwa, na mateka wa Kirusi waliendelea kufa kwa njaa.

Mwezi wa Mei 1942 alipata ushindi mkubwa karibu na mji wa Kharkov. Sifa zikammiminikia. Tarehe 28 Juni Wajerumani wakaanza safari ya kusini, wakitaka visima vya mafuta vya Caucasus. Jeshi la Sita lilipewa kazi ya kufika mto Volga, kwenye mji wa Stalingrad, ambao siku hizi unaitwa Volgograd. Mji huo ulijinyoosha kando ya mto kwa makumi ya kilomita, viwanda vikubwa upande wa kaskazini, maduka na stesheni katikati. Ulibeba jina la Stalin, mtawala wa Urusi, kwa hiyo Hitler aliutaka kwa udi na uvumba, na Stalin hakukubali kuuachia.

Tarehe 23 Agosti vifaru vya kwanza vya Wajerumani viliifikia Volga kaskazini mwa mji. Siku hiyohiyo ndege zao ziliumwagia mji mabomu, wakafa maelfu ya raia. Mji ukawa vifusi. Kumbe kifusi ni ngome! Askari wa Kirusi wa Jeshi la 62, chini ya Jenerali Vasily Chuikov, walijificha katika kila chumba, kila ngazi, kila bomba la maji machafu.

Divisheni ya 71, pamoja na ile ya 295, ndizo zilizotumwa kuingia katikati ya mji tarehe 14 Septemba. Askari wa rejimenti ya 194, walioongozwa na Kanali Fritz Roske, walipenya mpaka ukingoni mwa Volga. Bahati ya jani la klova ilionekana ingali hai. Usiku huo Warusi wakavusha divisheni mpya kwa mashua chini ya moto wa mizinga, na vita vikaanza upya. Stesheni moja ya gari la moshi ilibadilisha mikono mara nyingi kwa siku chache. Ilifika mahali ghorofa ya chini ni ya Warusi, ya juu ni ya Wajerumani.

Kufikia katikati ya Novemba Wajerumani walikuwa wameshika karibu asilimia 90 ya mji. Lakini rejimenti zilizoanza na maelfu zilikuwa zimebaki na mamia. Paulus alijua. Hesabu zilipita mezani pake kila jioni.

Mtego

Pembeni mwa Jeshi la Sita, kulia na kushoto, walilinda askari wa Rumania waliokuwa na silaha haba. Wakuu kadhaa walionya kwamba hapo ndipo penye udhaifu. Tarehe 19 Novemba 1942 Warusi walipiga papo hapo. Siku nne baadaye mikono miwili ya jeshi lao ilikutana nyuma ya Wajerumani, karibu na Kalach. Watu zaidi ya 250,000 wakawa ndani ya mtego, nyuma yao mto, mbele yao nyika ya theluji.

Sasa ndipo ulipofika wakati wa kukata shauri. Wakuu wa vikosi vikubwa vya jeshi waliokuwa chini ya Paulus walimshauri atoke mara moja, kabla mtego haujakazwa. Paulus mwenyewe aliona hivyo, akamwomba Hitler ruhusa ya kufanya analoona linafaa. Jibu likaja tarehe 24 Novemba: kaa hapohapo. Hermann Goering, mkuu wa jeshi la anga, alikuwa ameahidi kwamba ndege zitawalisha.

Jenerali Walther von Seydlitz, ambaye Divisheni ya 71 ilikuwa chini yake, hakunyamaza. Tarehe 25 Novemba aliandika waraka akimsihi Paulus atoke hata bila ruhusa, akisema kwamba mbele ya taifa na mbele ya dhamiri amri ya namna hiyo haimfungi mtu. Paulus aliusoma, akaupeleka kwa wakubwa wake, akabaki mahali pale.

Hesabu ya ndege haikuhitaji mwanachuo. Jeshi lilihitaji tani zisizopungua 300 kwa siku, na 500 ndizo zingetosheleza. Zilizofika zilikuwa kiasi cha 100 hivi kwa wastani, na siku za ukungu hazikufika hata chembe. Kufikia Disemba askari alipewa gramu 200 za mkate kwa siku, na Januari ikawa chini ya 100. Farasi waliovuta mizinga kutoka Ujerumani waliishia chunguni. Baridi ilishuka nyuzi 20 na 30 chini ya sifuri. Watu walikufa wakiwa wamelala, bila jeraha, bila kelele. Mateka wa Kirusi waliokuwa ndani ya mtego walikuwa wa mwisho kufikiriwa, na maelfu walikufa kwa njaa.

Tarehe 12 Disemba Fildi Mashali Erich von Manstein alianza kuja kuwaokoa kutoka kusini-magharibi. Vifaru vyake vilifika umbali wa kilomita 50 hivi. Usiku askari wa mtegoni walisikia mizinga yake, wakaambiana kwamba Manstein anakuja. Paulus alikuwa na mafuta ya kwenda kilomita 30 tu. Hitler hakutoa ruhusa ya kuuacha mji, Manstein hakumwamuru waziwazi aivunje amri hiyo, na Paulus hakuivunja. Kufikia Krismasi Manstein alilazimika kurudi nyuma. Kila mtu alikuwa akimngoja mwingine aseme neno, na neno halikusemwa.

Tusimwonee marehemu. Wanahistoria wangali wanabishana. Wako wanaosema kwamba jeshi lile lenye njaa lingeangamia njiani. Wako wanaosema pia kwamba kwa kubaki pale lilivifunga vikosi vingi vya Kirusi, na hivyo Wajerumani waliokuwa Caucasus wakapata nafasi ya kukimbia. Hoja hizo zina uzito. Lakini hakuna hoja inayoeleza mwezi wa Januari.

Januari

Tarehe 8 Januari 1943 Warusi walimletea masharti ya kusalimu amri: chakula kwa wenye njaa, dawa kwa majeruhi, usalama kwa wote. Paulus alimwuliza Hitler. Hitler akakataa, Paulus akakataa. Tarehe 10 Januari mizinga ya Kirusi ikaanza kunguruma. Tarehe 16 kiwanja cha ndege cha Pitomnik kikapotea, na siku chache baadaye kile cha Gumrak. Majeruhi waliokuwa wakingoja ndege waliachwa kwenye theluji. Tarehe 22 Januari Paulus akaomba tena ruhusa ya kusalimu amri. Akakataliwa tena. Akatii tena.

Kila siku aliyongoja iligharimu maisha ya maelfu ya watu. Hakuna jambo lolote la vita lililokuwa likiamuliwa tena pale.

Divisheni yenye bahati nayo ilikuwa ikiisha. Mkuu wake, Jenerali Alexander von Hartmann, aliona hataki kuuona mwisho. Tarehe 26 Januari alipanda kwenye tuta la reli, akasimama wima waziwazi, akawa anawafyatulia Warusi bunduki kama askari wa kawaida mpaka risasi ilipompata. Roske akashika nafasi yake. Makao ya Roske yalikuwa katika ghala la chini ya duka kubwa la Univermag, katikati ya mji. Huko ndiko Paulus alikokimbilia, mgonjwa, amechoka, amelala kwenye kitanda cha askari. Hivyo mpangaji wa vita vyote akajikuta katika chumba kimoja na mabaki ya divisheni moja ya askari wa miguu.

Tarehe 30 Januari utawala wa Hitler ulitimiza miaka 10. Salamu za pongezi zilitumwa kutoka ghalani kwa jina la Paulus. Hitler naye akampandisha cheo, akawa Fildi Mashali, cheo cha juu kabisa. Usidhani ilikuwa zawadi. Hakuna Fildi Mashali wa Kijerumani aliyewahi kutekwa, kwa hiyo maana yake ilikuwa: jiue. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, Paulus alipokataa. Asubuhi ya tarehe 31 Januari 1943 Warusi walifika mlangoni. Roske ndiye aliyezungumza nao, huku Paulus akingoja chumba cha pili. Alipoombwa aamuru kundi la kaskazini nalo liweke silaha chini, alisema hana mamlaka juu yao. Kundi hilo likapigana siku mbili zaidi, mpaka tarehe 2 Februari.

Hebu fikiri hapo. Siku ya kuokoa nafsi yake aliweza kusema hapana. Siku za kuokoa askari wake hakuweza.

Majuto ni mjukuu

Askari wapatao 91,000 walitekwa, wengi wao wakiwa mifupa inayotembea, wagonjwa wa homa ya chawa. Waliorudi kwao walikuwa kati ya 5,000 na 6,000 tu, wa mwisho wao katikati ya miaka ya 1950. Groscurth, yule aliyewatetea watoto, alifia kifungoni Aprili 1943. Divisheni ya 71 iliundwa upya kwa vijana wapya, ikapelekwa Italia ambako ilipigana Cassino mwaka wa 1944, kisha Hungaria, ikamalizia vita Austria mwaka wa 1945. Jina lilikuwa lilelile. Watu walikuwa wengine.

Seydlitz, aliyekuwa ametekwa pia, aliungana mwaka wa 1943 na maafisa mateka waliompinga Hitler. Paulus alikataa kwa karibu mwaka mzima, akisema mateka haingilii siasa. Alibadili nia Agosti 1944, baada ya maafisa aliowajua kunyongwa kwa kujaribu kumwua Hitler tarehe 20 Julai. Hapo akasema kwa redio yale ambayo Coca alimwambia mezani miaka minne nyuma. Mchuma janga hula na wa kwao: serikali ya Hitler iliikamata jamaa yake. Mwanawe mmoja pacha alikuwa ameshauawa vitani Anzio, Italia, mwezi wa Februari mwaka huo.

Februari 1946 Paulus alisimama shahidi mbele ya mahakama ya Nuremberg, akaeleza jinsi uvamizi wa Urusi ulivyopangwa. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kwani aliupanga. Coca alifariki mwaka wa 1949 huko Baden-Baden. Tangu mwaka wa 1942 hawakuonana tena. Warusi walimwachilia mwaka wa 1953, akaishi Dresden, Ujerumani ya Mashariki, akifanya utafiti wa historia ya vita. Mwili ukaanza kupooza kidogo kidogo. Alifariki tarehe 1 Februari 1957, miaka 14 na siku moja tangu atoke ghalani. Alizikwa Baden-Baden, kando ya mke ambaye hakumsikiliza.

Wenzangu, sisemi tuanze kuwabishia walimu. Kengele ikilia tuingie darasani, na mwalimu wa zamu akisema tuokote takataka, tuziokote. Utiifu hujenga shule, nyumba na hata nchi. Lakini leo sisi ni wanafunzi, kesho ni viranja, kesho kutwa tutakuwa makarani, wauguzi, askari na wakubwa wa idara. Itafika siku tutapewa amri na mtu aliye mbali, asiyeiona njaa tunayoiona sisi. Siku hiyo hatutaulizwa tu kama tulitii. Tutaulizwa tulijua nini. Paulus alijua yote, akayaandika yote kwa mwandiko mzuri, akangoja ruhusa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndiyo. Lakini mkuu naye akikuambia uingie mtoni, na mamba unamwona kwa macho yako, na nyuma yako umeshika mikono ya watoto wa wenzako, basi sema hapana mapema, maji yakiwa bado kwenye vifundo vya miguu.